Visanduku Vitatu

Mwaka 1987 nilikuwa fundi mchanga katika maabara moja jijini Nairobi, nikiishi kwa Mama katika nyumba ya uani, Kilimani, hatua chache kutoka kijito cha Kirichwa Kubwa. Maghorofa ya sasa hayakuwapo. Mama alilima sukuma wiki kando ya kijito, na mbolea ya kupandia alipimiwa dukani kwa kilo, kutoka gunia lililokwisha kufunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa kupima mbolea hiyohiyo. Nilisaga sampuli, nikaiyeyusha kwa asidi, nikajaza fomu yenye visanduku vitatu: naitrojeni, fosfeti, potashi. Mbolea ya DAP ikifikisha asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfeti, imepita. Sheria ya mbolea, Sura ya 345, sisi tuliielewa hivyo: mkulima asipunjwe.

Siku moja nikasoma habari za mto Jinzu, Japani. Kadimi ya mgodi, metali yenye sumu, ilikuwa imeingia mashamba ya mpunga, na wanawake wakawa wanavunjika mifupa kwa kukohoa tu; serikali yao ilikiri chanzo mwaka 1968. Nikasoma pia kwamba miamba ya fosfeti iliyojengeka chini ya bahari kwa kawaida huwa na kadimi nyingi kuliko ile iliyotokana na magma. Nikamwendea mkemia wetu mkubwa.

"Mzee, hii tunaiandika wapi?"

Akaigeuza fomu, akautazama upande wa nyuma, mweupe mtupu. "Haina mahali pake, kijana wangu."

Sikuuliza tena. Hilo linaniuma hadi leo, maana hesabu yenyewe si ngumu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo tangu 2022: miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti. Gunia la DAP la kilo 50 lina fosfeti kilo 23. Hata likitii kikomo hicho, laweza kubeba gramu 1.38 za kadimi. Mvua haiimalizi. Mboga za majani huifyonza, nazo figo za mlaji huishikilia kwa miaka mingi.

Juni 2018, maofisa wa Shirika la Viwango walipofikishwa mahakamani kwa sababu ya mbolea iliyodaiwa kuwa na zebaki, nilikuwa nimeshastaafu. Nililikunja gazeti nikamkumbuka Mama: anamimina punje kiganjani, anapuliza vumbi lake, anadondoshea kila shimo. Kisha, kwa mkono uleule, anachuma mboga za jioni.