Nicodemus, Mji Uliofuka Moshi Ardhini

Ukitoka Stockton, katika jimbo la Kansas, Marekani, ukashika barabara namba 24 kuelekea magharibi, macho hayapati pa kugotea. Kushoto ngano, kulia ngano, imeiva hadi imekuwa na rangi ya manyoya ya simba, na upepo unaipitia mawimbi kwa mawimbi. Mara mojamoja kihenge cha zege huchomoza mbele, ukadhani utakifikia sasa hivi, kumbe bado mwendo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Upeo mpana kama huo nilikuwa nimeuona baharini tu, na asubuhi ile ya Juni nilishusha pumzi kama mtu aliyefika ufukweni.

Aliyeshika usukani alikuwa mwenyeji wangu, mzaliwa wa Uvira, Kongo, ambaye sasa anaishi Kansas City. Tulikuwa tumeondoka kwake alfajiri, tukaendesha zaidi ya saa nne. Akapunguza mwendo, akasema, "Dada, tumefika."

"Wapi?" nikamuuliza. Niliona kibao, nyumba chache zilizoachana, miti iliyopandwa kukinga upepo, basi.

Swali hilo lina umri mrefu pale. Katika masika ya 1878 mama mmoja aitwaye Willianna Hickman alifika mahali hapo pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman, na watoto wao. Walikuwa wametoka Kentucky kwa gari moshi hadi kituo cha Ellis. Huko surua ikawavamia watoto wa msafara, na baadhi yao wakazikwa hukohuko. Kutoka Ellis hadi Nicodemus ni kilomita kama 55, na hapakuwa na njia. Wanaume walishika dira, wakakata mbuga. Watu waliposhangilia kwamba mji unaonekana, mama huyo, naye mgonjwa, alitazama huku na huko asione kitu. Mumewe akamwonyesha kwa kidole: moshi ulikuwa ukifuka kutoka ardhini, hapa mmoja, pale mwingine. Ndio mji. Watu walikuwa wakiishi chini, katika mashimo waliyoyachimba ubavuni mwa ardhi. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alilia.

Nilisimama penye nyasi nikajaribu kuuona moshi ule. Kwetu pwani habari za utumwa huishia penye maji: misafara imeshuka Pangani au Bagamoyo, watu wamepakiwa majahazini, na msimulizi hunyamaza. Kesho yake, mtu akishafunguliwa, huamka akafanya nini? Kwa swali hilo sikuwahi kupata mahali pa kujibia pazuri kuliko Nicodemus. Huko Kentucky utumwa ulikoma Desemba 1865. Miaka 12 baadaye, watu waliozaliwa wakiwa mali ya wengine walifunga mizigo yao wakaenda kutafuta ardhi iliyoandikwa jina lao.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliruhusu mtu kupewa ekari 160 za serikali, mradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Aprili 1877 ikaundwa kampuni ya kuanzisha mji, mchungaji Mweusi W. H. Smith akiwa rais wake, na mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill, akiwa mshirika. Matangazo yakapelekwa Kentucky, yakiisifu nchi hii kwa maneno matamu kuliko ilivyostahili. Kundi kubwa, watu wapatao 300, likafika Septemba mwaka huohuo, msimu wa kupanda umekwisha. Walikuwa na majembe na sepetu, mifugo ya kukokota plau ilikuwa haba, na kipupwe kilikuwa mlangoni. Baadhi yao walimkasirikia Hill, na baadhi wakarudi walikotoka. Wazee wa pale husimulia kwamba Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirejea kutoka kuwinda waliwagawia nyama, na hivyo ndivyo waliobaki walivyovuka baridi ile. Nawaheshimu walioondoka. Waliobaki sijui niwape neno gani.

Hata jina la mji lina mabishano yake matamu. Wako wanaosema ni Nikodemo wa Injili ya Yohana, yule aliyemwendea Yesu usiku. Wengine husema ni Nicodemus wa wimbo uliovuma enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mtumwa asiyekubali kuvunjwa. Mimi nimechagua la pili.

Majengo ya kihistoria ni matano, na unaweza kuyazunguka yote kwa miguu kabla jua halijawa kali. Lililonishika zaidi ni ukumbi wa mji, uliojengwa 1939 kwa mawe ya chokaa. Ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi. Vumbi lilikuwa limekula mashamba, na serikali ikatoa kazi za ujenzi ili watu wapate ujira. Wenyeji ndio walioujenga. Niliuweka mkono ukutani. Jiwe lilikuwa na joto la jua, rangi yake ya siagi iliyokolea, na juu yake alama za patasi bado unazihisi kwa ncha za vidole, kila mfereji na mwelekeo wake, kama mistari ya kiganja. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, ukuta ule ulikuwa kama ndugu. Wala si mawazo yangu tu. Njiani, mitaa ya Russell, tuliona uzio wa mashamba umeshikwa na nguzo za mawe, kwa kuwa walowezi hawakuwa na miti ya kukata. Tukasimama. Katikati ya nguzo mstari wa rangi ya kutu umepita kama uzi, na karibu na mstari huo kulikuwa na gamba la kombe limeganda ndani ya jiwe. Nchi hiyo iliwahi kuwa chini ya bahari. Sasa bahari yenyewe iko mbali mno, na kombe bado lipo.

Hoteli ya zamani ya St. Francis, ya mwanzoni mwa miaka ya 1880, ilikuwa ya Zachary Fletcher na mkewe Jenny. Chini ya paa hilo wageni walilala na barua zilipokelewa; na Jenny ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mji. Skuli ya mbao iliyosimama hadi leo ni ya 1918, lakini namba yake ndiyo fahari: ni wilaya ya shule namba 1 katika kaunti nzima ya Graham. Watu waliotoka mahali ambapo kujua kusoma kungeweza kukuletea adhabu walifungua shule kabla ya jirani yeyote. Kuna makanisa mawili, la Wamethodisti Weusi (AME) na la Kibaptisti. Hili la pili lilianzia ndani ya shimo la ardhi kabla ya kupata kuta hizi za 1907.

Katika miaka ya 1880 mji ulikuwa na maduka, benki na magazeti mawili, na mmoja wa wakazi wake, Edward McCabe, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Kilichobaki ni reli. Wakaipigia kura, wakaahidi fedha. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na kambi ya wajenzi wake ikawa mji wa Bogue, kilomita chache tu kutoka hapo. Wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Posta ikafungwa 1953, shule 1960.

Miji mingine mingi ya namna hii ilikufa kwa pigo dogo kuliko hilo. Nicodemus ni miongoni mwa michache iliyosalia magharibi ya mto Mississippi kati ya miji iliyoanzishwa na Weusi baada ya vita vile, na tangu 1996 unatunzwa na taifa kama eneo la historia. Wakazi wake leo ni wachache mno. Lakini mtu kwao, walisema wahenga, na kwao si lazima pawe pale anapolala kila siku. Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurudi kutoka kila upande wa Marekani, kama Wachaga wanavyopanda Kilimanjaro kila Desemba. Wamefanya hivyo tangu miaka ile ya mashimo. Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo na kucheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers, aliporudi alirudi kulima.

Bibi mmoja tuliyemkuta nje ya ukumbi alitusalimu kama watu aliokuwa akiwangoja. Akatuuliza tumetoka wapi. Mwenyeji wangu akasema Kansas City. Bibi akatikisa kichwa, akamuuliza hasa ni wapi. Akamtajia Uvira, ziwa Tanganyika, vita, kambi, ndege. Bibi alisikiliza hadi mwisho, hakumkatiza.

"Una watoto?"

"Wanne. Wawili wamezaliwa hapa Kansas."

"Basi waje Julai, mwanangu. Waone."

Tuliporudi kwenye gari hakuwasha injini mara moja. Alitoa simu yake, akafungua kalenda, akaanza kuhesabu siku zake za likizo.