Mizani za Miguu

Sisi tutungao tumezoea kuhesabu. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na ikipungua moja sikio la Mpemba hushituka kabla ya vidole kuhesabu. Kwa hiyo siwezi kuungana na wenzangu wa barazani wanaowacheka wachezaji wa leo kwa kuvaa vizibao vyenye kidude baina ya mabega.

Kidude hicho hupokea ishara za setilaiti, na mara 10 kila sekunde huandika mchezaji yuko wapi. Baada ya mechi kocha husoma masafa, mbio za kasi, na mara ngapi mtu alisimama ghafla, jambo linalochosha mno misuli. Kiungo huenda kilomita 10 hadi 12 kwa dakika 90. Wawili wakiunga mwendo wao, wamekaribia Wete kwa kutokea Chake. Na katika safari yote hiyo mpira humkaa mguuni dakika mbili tatu, aghalabu chini ya hapo.

Januari 13, 2025, Zanzibar ilipoifunga Burkina Faso 2-1 hapa Gombani katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, uwanja mzima tuliutazama mpira. Nani humtazama anayekimbia mita 40 kumvuta beki, akamfungulia mwenziwe njia, kisha akarudi bila ya kuguswa na pasi? Jicho humsahau. Hesabu haimsahau, na kocha akiona safu zake zinaachana kila dakika ya 70 inapofika, hujua mazoezi ya wiki yaanzie wapi.

Lakini hesabu hutaka mfasiri. Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alianza mwaka 1950 uwanjani Swindon, kwa penseli na daftari. Akaona mabao mengi huzaliwa kwa pasi tatu au pungufu, akahimiza mipira mirefu. Hakuzingatia kwamba mashambulizi karibu yote, yenye bao na yasiyo na bao, hukatika kabla ya pasi ya nne. Matini ilikuwa sahihi. Fasiri ndiyo iliyokwenda upande. Nimeona tarjuma nyingi za namna hiyo.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliachwa na timu yake ya ng'ambo kwa kuambiwa kwamba masafa yake yameshuka. Akaniletea karatasi yake, ya Kiingereza tupu, akasema, "Mwalimu, nisomee."

Tukasoma mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye safu ya tarehe akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Siku zilizoshuka zote zilikuwa za Ramadhani, mazoezi ya alasiri. Akaniuliza safu ya mwisho inasemaje. Nikamwambia ni kasi yake ya juu kabisa, na hiyo haikupungua hata siku moja.