Stara na Hewa Bafuni

Mwezi uliopita mama wa nyumba yetu alitwambia neno ambalo hatukulifurahia: bafu lanuka koga, na mjukuu wetu mwenye pumu hukohoa kila atokapo kuoga. Tulijibu upesi kwamba ni baridi ya Nairobi. Kisha tukaingia kutazama. Pembe za dari zilikuwa nyeusi, na rangi imebambuka hadi karibu na shawa.

Kosa lilikuwa letu. Umoja ya leo si ile ya nyumba za chini zilizojengwa miaka ya 1970. Maghorofa yamesongamana hata jirani aweza kukupa chumvi dirishani. Kidirisha cha bafu kinatazama ngazi za jengo la pili, nasi kwa ajili ya stara tulikiziba kwa nailoni siku tuliyohamia. Macho ya watu tuliyazuia, na mvuke tukaufungia ndani. Majumba ya mawe ya Lamu huipa njia kisogo, na hewa huteremkia kiwandani kutoka juu. Sisi hatuna kiwanda. Juu yetu kuna familia nyingine.

Fundi wa kwanza alitaka kutoboa dari. Tukamwuliza juu kuna nini. Akanyamaza, maana dari yetu ni zege, na ndiyo sakafu ya choo cha wenzetu.

Wa pili alishauri ukuta wa nje. Kwa idhini ya mwenye nyumba alitoboa shubiri moja chini ya dari, akatia feni ya kunyonya hewa. Bomba alililaza kidogo kuelekea nje, ili mvuke ukigeuka maji usiturudie. Nje akaweka kifuniko cha mapezi yainamayo, ambacho hakuna jicho lipitalo. Swichi ikakaa nje ya mlango, mbali na mkono wenye maji. Chini ya mlango alikata upana wa kidole, kwani pasipo hewa ya kuingia, feni huzunguka bure.

Kabla ya hayo tulimwendea jirani wa ngazini kumtaka radhi, kwa kuwa mvuke wetu ungetokea upande wake. Alicheka: "Sheikh, miaka yote hii tulikuwa tukijiuliza mwaficha nini humo."

Sasa feni huachwa dakika 20 baada ya mtu wa mwisho kuoga. Kikohozi cha bafuni kimepungua. Pumu yenyewe ingalipo, na dawa ya kuvuta hatujaiondoa kando ya kitanda.