Rugenge: Ndoo iliyotoboka yanywesha mboga za familia zilizohama

Mtaani Rugenge, mjini Uvira, kiangazi kikishaanza mwezi wa sita, mboga zilizopandwa nyumbani ndizo za kwanza kukauka. Maji yanaonekana kwa macho: Ziwa Tanganyika liko upande wa mashariki, na mito inashuka toka milimani upande wa magharibi. Lakini kila tone linaloingia ndani ya parseli limebebwa na mtu, mara nyingi mama au mtoto wa kike, kwa bidoni ya lita 20 ambayo ikijaa inapita kilo 20. Maji hayo yana mpango wake. Kwanza ni ya kunywa, kisha ya kupika, kisha ya kuoga na kufua. Lengalenga inangoja zamu yake, na ikingoja siku mbili juani ndani ya chombo kidogo, imekwisha.

Wanaopanda ndani ya vyombo ni wengi, na wanajua sababu. Kuna familia zilizokimbia vita katika uwanda wa Ruzizi na katika milima ya juu, ambazo zinaishi kwa ndugu au zimekodi chumba kimoja. Kuna wenyeji waliopoteza nyumba katika mafuriko ya mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake usiku. Kuna tena wale wa kando ya ziwa, ambao maji yaliingia nyumbani mwao ziwa lilipopanda mwaka 2024. Wote hao wanakanyaga ardhi ya mtu mwingine. Ukichimba tuta katika parseli ya mwenyewe, utaulizwa. Ukiweka ndoo pembeni ya ukuta, hakuna anayekuuliza, na siku ya kuhama unaondoka nayo.

Mama mmoja aliyefika Rugenge na watoto wanne alianza hivyo, na ndoo mbili za lengalenga. Kwao alikuwa mkulima wa muhogo na mahindi. Hakuwahi kupanda kitu ndani ya ndoo. Asubuhi anatoka mapema kutafuta kibarua katika mashamba ya watu, na siku nyingine analala huko huko. Kazi ya kunywesha mboga ilibaki kwa binti yake wa miaka kumi na miwili. Mtoto akitoka masomo anakwenda kupanga mstari bombani, akirudi giza limeingia, daftari halijafunguliwa. Siku bomba linapokauka, mtoto hakulala vizuri na mboga nazo zikafa. Mara mbili zilikufa.

Njia aliyoishika ilitoka kwa mzee jirani, na mzee aliifafanua kwa mfano wa taa ya utambi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma mafuta. Yanapanda yenyewe ndani ya nyuzi. Maji nayo hufanya vile. Udongo ukianza kukauka, unayavuta kupitia kitambaa, na ukishalowa, unavuta polepole. Mmea unajipimia wenyewe.

Vyombo ni viwili, na vyote vinaweza kuwa vibovu. Cha chini ni bidoni ya manjano iliyopasuka kichwani. Inakatwa katikati, na sehemu ya chini bado inashika maji. Cha juu ni ndoo iliyotoboka, ile isiyokwenda tena bombani. Kwa msumari uliopashwa moto, ndoo inaongezewa matundu machache kwenye kitako. Vipande viwili au vitatu vya singileti ya zamani vinapitishwa humo: ncha moja ifike chini kabisa ndani ya bidoni, nyingine iingie ndani ya udongo kiasi cha shubiri moja. Kitambaa cha pamba tupu huoza upesi. Chenye nailoni kinadumu zaidi. Ndani ya bidoni yanapangwa mawe matatu, kama ya jikoni, na ndoo inakaa juu yake.

Halafu kuna tundu ambalo watu wengi hulisahau. Linatobolewa ubavuni mwa bidoni, chini kidogo ya pale kitako cha ndoo kinapofika. Maji yakizidi, yanatokea hapo. Bila tundu hilo, maji yatapanda mpaka kwenye udongo, mizizi itakosa hewa, na mboga itaoza kwa kushiba huku mwenyewe akifikiri ina kiu, akazidi kuongeza.

Udongo nao una kipimo. Udongo wa mfinyanzi mtupu unashikana kama tofali, na mchanga mtupu hauyavuti maji mbali. Mama huyo anachanganya udongo mweusi, mbolea ya takataka iliyooza vizuri na vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia. Chombo kisiwe kirefu sana, kwa sababu maji yakipanda kupita shubiri moja au moja na nusu yanachoka. Kwa kujaza, amesimamisha pembeni kipande cha mwanzi kinachofika ndani ya bidoni. Bua la jani la mpapai, lililo wazi ndani, linafanya kazi hiyo pia, ila linaoza na kubadilishwa. Siku ya kwanza ni lazima kumwagia toka juu, udongo na vitambaa vilowe kabisa, maana utambi mkavu hauvuti.

Asiye na ndoo anaweza kuanza na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Inakatwa, sehemu ya shingo inageuzwa kichwa chini na kuingizwa ndani ya sehemu ya kitako, mfuniko umetobolewa na utambi umepita. Humo pilipili moja au vitunguu vichache vya majani vinaweza kukua vizuri.

Bidoni iliyokatwa hivyo inashika lita nne hivi. Lengalenga changa inaweza kwenda nayo siku nne au tano. Nyanya iliyokwisha kuzaa, katika jua la mwezi wa nane, inaweza kuyamaliza kwa siku mbili. Basi mtu asidanganyike: maji hayakuongezeka. Mmea unakunywa kiasi kile kile, ingawa kidogo tu kinapotea, kwa kuwa jua haliyapati maji yaliyo chini. Kilichopungua ni safari. Zamani binti alikwenda bombani kila jioni kwa ajili ya mboga. Sasa mama mwenyewe anajaza mara mbili kwa wiki, kwa maji yaliyosuuza mchele au nguo. Maji yenye sabuni nyingi au javeli hayafai.

Hatari zipo, na Uvira inazijua. Maji yaliyosimama wazi ni nyumba ya mbu, na mbu ni malaria. Nafasi inayobaki kati ya ndoo na bidoni izibwe kwa kitambaa, na kale katundu ka ubavuni kafunikwe kwa kipande cha chandarua. Kipindupindu nacho hakijauacha mji huu miaka mingi: maji ya bidoni hiyo asiyanywe mtu, hata mtoto mwenye kiu, na mboga zioshwe kwa maji safi na kupikwa zikaiva. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, petroli au maji ya betri kisitumiwe, hata kikisuguliwa mara kumi. Na kama juu ya udongo kunatokea ukoko mweupe, hiyo ni chumvi iliyopanda na maji, hasa kwa wanaoteka ziwani. Mara moja kwa mwezi maji yamwagwe toka juu, yaisukume chini, kisha bidoni isafishwe.

Mambo haya hayakuanza Rugenge. Huko China, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, mwandishi wa kilimo Fan Shengzhi aliandika namna ya kufukia chungu cha udongo kilichojaa maji katikati ya mimea, maji yakatoka polepole kupitia ukuta wa chungu. Karibu nasi, mjini Nairobi, familia za Kibera zilianza kupanda mboga ndani ya magunia mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi kukata njia za chakula. Watu waliobanwa na nafasi hufika kwenye wazo moja, hata wasipoonana.

Jirani mmoja alipoziona ndoo nne zimesimama ukutani, alicheka: «Mama, unanywesha chini, mboga iko juu. Hayo maji si yatapotea?»

«Dada yangu, ngoja kesho, uguse udongo,» alijibiwa.

Kesho yake aligusa. Wiki iliyofuata alikuja na ndoo yake iliyotoboka, akiomba asaidiwe kukata bidoni.

Ndoo nne hazilishi nyumba. Zinatoa mboga ya kula na bukari mara mbili kwa wiki, na siku hizo faranga zinabaki kwa ndagala au sabuni. Shamba lililoachwa haliwezi kuingia ndani ya bidoni, na mama huyo anakasirika kidogo akiambiwa kwamba sasa ana shamba jipya. «Shamba langu liko kwetu,» anasema. «Hizi ni mboga tu.» Lakini ameacha lengalenga moja ipande maua na kukomaa, akakusanya mbegu zake ndogo nyeusi, akazifunga ndani ya kitambaa na kuzifunga tena kwenye fundo la kitenge. Nyingine amempa jirani, ili hata wakilazimika kutawanyika, mbegu ibaki kwa mmoja wao.