Kitambaa cha kaki

Wateja wetu hapa Kimuli, wilaya ya Kyerwa, hutuuliza kwa nini hatushoni suruali za kaki, na sare za shule ndizo zinazotulisha kabla pesa za kahawa hazijaingia. Huwa tunasema kitambaa kimeisha. Ni uongo, Mungu atusamehe.

Tuko watatu dukani, vyerehani vitatu. Mwenzetu mmoja ni mjane wa askari polisi. Mumewe aliuawa usiku akiwa doria, mkoa wa mbali, mtoto wao akiwa bado ananyonya. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi akishaondoka nyumba inamsubiri mwingine. Akarudi kwao na godoro, masufuria na cherehani. Eda ya miezi minne na siku kumi aliimalizia chumbani kwa kaka yake. Ilipokwisha zikaanza safari za mafao: barua ya mirathi mahakamani, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, picha za pasipoti, kisha "njoo wiki ijayo". Nauli ya kutoka huku kwenda mjini mnaijua? Ndizi za mwezi mzima zinaishia njiani.

Ila mwenyewe hasimulii hayo. Husimulia sare. Aliambiwa azirudishe, akazifua, akazipiga pasi mpaka mkunjo ukasimama, akazikabidhi na kutia saini. Anasema mazishini hakulia sana, watu walikuwa wengi. Alilia kwenye pasi.

Aprili 2017, siku ya Ijumaa Kuu, tulifungua duka mpaka adhuhuri kwa kuwa wateja wetu Wakristo walitaka nguo za Pasaka. Redio ikatangaza Kibiti, mkoa wa Pwani: jana yake, tarehe 13, askari polisi wanane wameshambuliwa garini wakitoka lindoni, wameuawa, silaha zimechukuliwa. Sisi wawili tukaanza maneno, nani kafanya, kwa nini. Mwenzetu akauliza jambo moja tu: "Wana watoto wangapi?" Redio haikusema. Akainuka, akaizima, akarudi kutia uzi kwenye sindano. Hakuiona tundu. Tulimtilia sisi.

Nyinyi wa visiwani mnalijua hili. Oktoba 2012 askari aliuawa Bububu wakati wa zile vurugu, na watu wakabishana siasa miezi mingapi? Sisi pia tulibishana, tukiwa mbali na bila kumjua hata mtu mmoja wa nyumba ile. Tunaona haya tukikumbuka. Polisi tunamlalamikia kila siku barabarani, na wakati mwingine ana makosa kweli, lakini mlango uliofungwa na mjane wake hatukuwa tumewahi kuugonga.

Mwaka huu yule mtoto aliyekuwa ananyonya kafaulu kuendelea na masomo, na shule aliyopangiwa suruali ni kaki. Mama yake alikaa na kile kitambaa siku tatu. Tukamwambia tumpeleke kijana kwa fundi mwingine. Akasema mwanawe hashonewi na mtu baki huku mama yake ana mikono. Basi tukagawana: sisi tukapima na kukata, yeye akaunga na kupiga pindo. Akashona kimya, mshono ulionyooka kuliko yote tuliyowahi kuiona ikitoka mkononi mwake.

Ikabaki pasi. Aliishika, akaiweka. Kijana akaichukua mwenyewe, akatia mkaa, akanyoosha mkunjo huku anatusimulia kwamba akimaliza shule ataomba kuingia polisi kama baba. Alisema hivyo kwa furaha, macho kwenye suruali.

Sisi tukamtazama mama. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema, "Usiunguze kitambaa."

Suruali ya pili bado haijashonwa. Kitambaa kipo mezani, na shule inafunguliwa Jumatatu.