Rubani Aliyerudi Darasa la Kwanza

Kama ulikuwa katika mkutano wa Chama cha Kiswahili muhula wa pili mwaka 2024, bila shaka unaikumbuka siku niliyochekwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya chama kutoa hoja juu ya shida ya maji katika mji wetu wa Elwak. Nikasema kwa sauti kubwa, "Maji imeisha kisimani!" Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, aliyelelewa Mombasa, akainua mkono na kusema kwa upole, "Kaka, maji yamekwisha." Darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi kitini jasho likinitiririka, na tangu siku hiyo sikuonekana tena chamani.

Mlezi wa chama aliniuliza mara mbili kwa nini siji. Nikamwambia nina kazi nyingi za hisabati. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nyumbani sisi huzungumza Kisomali. Katika hisabati sina wasiwasi, na kule dugsi mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha watoto wadogo mbao zao za Kurani. Sasa mtu kama mimi asahihishwe na mtoto wa form one? Nikajiambia, heri nibaki na kile ninachokijua.

Aliyenitoa katika fikira hiyo ni abti wangu, yaani mjomba, ndugu wa mama yangu. Abti ni rubani. Kwa miaka mingi amekuwa akirusha ndege aina ya Cessna Caravan kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, akileta mizigo na abiria Wajir, Elwak na Mandera. Ndege yake ikipita juu ya nyumba zetu watoto hutoka mbio wakipiga kelele, nami hutembea kifua mbele kana kwamba ni mimi niliyeirusha.

Lakini kuna siku moja ambayo hakuna aliyepiga kelele za furaha. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilitupiga huku Kaskazini Mashariki kwa nguvu ambayo sisi vijana hatukuwa tumeiona. Garissa, Wajir, Mandera, kote maji. Barabara zilikatika na malori yakakwama. Wakati huo huo nyanya yetu, tunayemwita ayeeyo, aliteleza kwenye tope mlangoni pake akavunjika paja. Hospitalini walimfunga mguu vizuri, lakini wakatuambia kwamba mfupa ule unahitaji upasuaji, kwa hiyo apelekwe mbali. Je, apelekwe na nini? Gari halikuweza kupita.

Siku ya pili tukasikia mngurumo angani. Alikuwa abti. Tulikimbia sote hadi uwanjani, na huko hatukuona uwanja bali ziwa. Abti alizunguka mara moja, akashuka mpaka tukayaona magurudumu vizuri, kisha akapanda tena. Akazunguka mara ya pili. Mama alikuwa amevua shungi la juu akilipunga. Halafu mngurumo ukaanza kufifia kuelekea Wajir, na mama akaketi pale pale matopeni. Ayeeyo alingoja siku 9 mpaka njia ikapatikana. Wakati huo mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya, na hadi leo mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine.

Likizo ya Desemba 2024 abti alikuja kutuona. Jioni moja tulikuwa tumeketi mkekani tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Ghafla akasema, "Abti, mimi siku hizi ni mwanafunzi kama wewe." (Kwetu mjomba naye humwita mpwa wake abti.) Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amejiandikisha kujifunza kuendesha helikopta. Leseni ya ndege na ya helikopta ni mbili tofauti, na mwenye moja hawezi kuitumia kwa nyingine.

"Siku ile ya mafuriko," akasema, "nilikuwa na saa elfu tatu za kuruka. Saa zote hizo hazikunisaidia kushuka mita mia moja tu hadi alipolala mama yangu. Ndege inataka uwanja. Helikopta inataka mahali pakavu panapotosha panga zake kuzunguka, basi."

Nikamwomba anisimulie somo lake la kwanza. Alicheka kwanza, kisha akaanza.

Helikopta yenyewe ilikuwa Robinson R44, yenye viti vinne. Mwalimu alikuwa kijana ambaye, kwa hesabu ya abti, alizaliwa wakati yeye akianza kidato cha kwanza. Abti akaenda kuketi kushoto kama alivyozoea, maana nahodha wa ndege huketi kushoto. Kijana akamwambia, "Samahani mzee, huku rubani huketi kulia." Kosa la kwanza hilo, na injini bado haijawashwa.

Kumbe kuhama kiti ni kuhamisha mikono pia. Katika Caravan mkono wa kushoto hushika usukani, na wa kulia huongeza au hupunguza nguvu ya injini. Katika helikopta mkono wa kulia ndio wenye usukani, unaoamua helikopta iende mbele, nyuma au pembeni. Mkono wa kushoto hushika wenzo ulio kando ya kiti, mfano wa breki ya mkono ya gari. Ukiuvuta juu, panga kubwa huinamishwa zote pamoja, zikasukuma hewa zaidi, nawe ukapanda. Ukiushusha, unateremka. Miguu nayo hukanyaga pedeli za panga dogo la mkiani, ambalo kazi yake ni kuizuia helikopta isizunguke yenyewe kama pia.

"Katika Caravan," abti akasema, "nikiongeza nguvu mguu wangu wa kulia hukanyaga wenyewe, bila mimi kuuambia. Miaka yote ndivyo nilivyofanya ili pua inyooke. Sasa nikavuta ule wenzo wa helikopta, na mguu wa kulia ukakanyaga. Lo! Tuligeuka kama mlango uliopigwa na upepo. Kwa helikopta ile ilitakiwa mguu wa kushoto."

Mwalimu alimpeleka kwenye uwanja mtupu upande wa Kajiado. Huko akaiinua helikopta mpaka kimo cha mtu, ikasimama hewani kimya kabisa kama taa iliyotundikwa. Akampa abti pedeli peke yake, akaziweza. Akampa wenzo peke yake, akauweza kidogo. Halafu akampa usukani.

"Abti, nilidumu sekunde kumi," akasema. "Iliponiendea kushoto nikaisukuma kulia. Haikujibu. Nikaisukuma zaidi. Hapo ndipo ikajibu yote kwa pamoja! Ikaenda kulia kama ngamia aliyekatika kamba. Nikairudisha, ikazidi. Kijana akasema kwa utulivu, 'Nimeishika,' na palepale ikatulia. Mimi nililowa jasho shati zima."

Nilimwuliza shida ilikuwa nini hasa. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua fimbo ya kuchungia iliyokuwa ukutani akaniambia niisimamishe wima juu ya kiganja. Nilijaribu, ikaanguka. Nikajaribu tena, ikaanguka karibu na birika na mama akanikemea. Abti akasema, "Unatazama mkono wako. Tazama ncha ya juu." Nikatazama ncha, na kweli fimbo ilikaa. Akanieleza kwamba mwalimu wake alimwambia neno lile lile: usitazame ardhi iliyo mbele ya miguu yako, tazama mti ule wa mbali. Tena usingoje kosa likue ndipo ulirekebishe. Rekebisha kidogo, mapema, kisha uache.

Lakini kilichomtisha zaidi si kuyumba. Ni mazoea. Katika ndege mwendo ndio uhai. Mwendo ukipungua mno mabawa hayawezi kuibeba tena, king'ora hulia, na rubani husukuma pua chini na kuongeza nguvu. Sasa helikopta hutua kwa kupunguza mwendo mpaka hakuna mwendo kabisa, na kila mara walipokuwa wakitua moyo wa abti ulimpigia kelele, "Ongeza mwendo!" Helikopta nayo ina king'ora, lakini chenyewe huonya kwamba panga zinazunguka polepole mno. Pale jawabu la kwanza ni kuushusha ule wenzo wa kushoto, mara moja, ili panga zipate kasi tena. Injini ikizima pia ni hivyo hivyo: wenzo chini upesi, na hewa inayotoka chini itaendelea kuzizungusha panga mpaka mtue salama. Anayeganda akifikiria namna alivyofanya katika ndege anaweza kupoteza maisha.

"Kwa hiyo yule kijana asiyejua kitu alikuwa na nafuu kuliko mimi," abti akasema. "Yeye ana jambo moja la kufanya, kujifunza. Mimi nilikuwa na mawili, kujifunza na kusahau."

Neno hilo lilinikaa. Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka kwamba kosa langu siku ile chamani lilitoka hapo hapo. Nilikuwa nikifikiri kwa Kisomali, halafu nikatafuta maneno ya Kiswahili ya kuvisha. Mguu wangu ulikuwa ukikanyaga pedeli ya zamani.

Shule ilipofunguliwa mwaka 2025 nilisoma habari za Igor Sikorsky, mhandisi aliyezaliwa Kiev. Mwaka 1913, akiwa Urusi, alitengeneza ndege kubwa yenye injini nne na kuirusha mwenyewe. Baadaye alihamia Marekani. Tarehe 14 Septemba 1939, akiwa na umri wa miaka 50, aliketi katika helikopta yake ya VS-300 akaiinua kidogo tu kutoka ardhini, tena ikiwa imefungwa nyaya isimtoroke. Mtu mwenye sifa zote hizo kwa ndege, lakini kwa helikopta alianza kwa kufungwa kamba kama ndama! Ikiwa yeye hakuona haya, mimi ni nani?

Wiki ya pili ya muhula nilikwenda chamani. Nilimtafuta yule kijana wa Mombasa, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, nikamwambia, "Ndugu yangu, nifundishe ngeli ya YA-YA." Alinitazama akidhani namdhihaki. Alipoona sicheki, akatoa daftari. Tangu hapo tumekutana kila Alhamisi chini ya mwarobaini. Yeye hunifundisha ngeli, nami humfundisha hesabu za logi, kwa sababu huko naye huanguka kama fimbo juu ya kiganja. Bado nakosea. Hata makala haya ameyapitia yeye kwanza, na penye wino mwekundu palikuwa pengi.

Abti naye anaendelea. Alipopiga simu mara ya mwisho alisema sasa anaweza kuituliza helikopta hewani mpaka mwalimu akunje mikono. Nilimpelekea ayeeyo habari hiyo. Alisugua mguu wake akasema, "Mwambie asome upesi. Mimi sina mguu wa kunifikisha uwanja wa ndege. Ile inayokuja mpaka mlangoni ndiyo yangu."

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Abti wangu ameinama, akiwa na saa zake elfu tatu. Wewe mwenzangu unayekaa nyuma darasani na swali lako mdomoni, ukiogopa kuchekwa, inama pia. Wakicheka watanyamaza, lakini jawabu utabaki nalo.