Mpiga Obokano Huketi

Nilifundisha muziki na ngoma katika vyuo vya ualimu vya Kisii na Nyamira hadi nikastaafu. Kila baada ya kipindi cha ngoma niliwataka wanachuo waketi waandike katika shajara: mwili wako umefanya nini leo? Nani alicheza kando yako? Nani hakucheza, na kwa nini? Swali hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi ya maisha.

Wengi tulizoea kumpa mwenye ulemavu shughuli ya pembeni: alinde mabegi, agawe njuga, apige makofi. Mashindano yalituzoeza hivyo, maana mstari ulionyooka na hatua za kufanana ndizo zilizoleta alama. Mwanachuo mmoja aliyetembea kwa magongo aliandika kwamba nyimbo zetu za Kigusii anazijua tangu utotoni, ila hajawahi kuulizwa angezichezaje. Basi nikamwuliza. Akafunga njuga kwenye magongo yake, akayakita sakafuni kwa zamu, mabega yakitikisika juu yake. Wenzake wakaanza kumfuata yeye.

Wazee tuliowaalika hawakupendezwa. Ngoma mnaivunja, walisema, na sikuwapuuza, kwa sababu wao ndio walioitunza. Niliwaonyesha obokano iliyokuwa mbele yetu. Ala hiyo ya nyuzi nane ndiyo fahari ya Gusii. Mpigaji wake huketi muda wote, na hakuna anayesema hayumo ngomani. Mmoja wao alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga.

Siku hiyo tulikuwa kwenye jukwaa la mbao. Mwanachuo kiziwi alivua viatu, akaomba kwa ishara aguse ala. Mzee akamruhusu. Aliweka kiganja kwenye ngozi iliyowambwa juu ya bakuli la obokano, nyuzi nene zikanguruma, naye akaanza kutikisa kichwa sawasawa na pigo. Alipoingia kucheza, alilisoma pigo kwa nyayo. Jioni aliandika: “Leo sikuwatazama wengine ili nijue lini nianze.” Tangu hapo darasa zima lilijifunza kuhesabu mapigo kwa mikono, na waliokuwa wakichelewa kuingia, wenye masikio mazima, wakaacha kuchelewa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwa ikiandaa walimu tangu 1986. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mwalimu wa kijijini Nyamira ataanza na yale aliyoyafanya kwa mwili wake mwenyewe chuoni, na kama huko alizoea kuona wengine wakilinda mabegi, atawapa watoto wake mabegi wayalinde.

Nanyi mnaotunga karatasi za alama za ngoma vyuoni, nawasihi: liwekeni humo swali la nani hakucheza na kwa nini, na mlipe alama sawa na hatua za miguu.